Tela la Shemeji na Karatasi ya Likizo: Kisa cha Safari ya Mahale Mwezi wa Machi

Saa saba usiku kijana wa dada yangu alinitikisa bega akasema kuna watu wanatembea kwenye kokoto. Nikatoka na tochi. Hapakuwa na mtu. Nyota zilikuwa zimejaa angani, mchanga chini ya miguu yangu ulikuwa mkavu, na hatua sita kutoka gurudumu la tela maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakisukuma majani makavu mbele yake, taratibu, kama mtu anayefagia uwanja wake asubuhi.

Shemeji, mume wa dada, hukisimulia kisa hiki kama kisa cha mvua. Nimemsikia mara tatu, na kila mara mvua inazidi kuwa kubwa. Mimi nilikuwepo. Mvua ya mwisho wa Machi haikutufanyia jambo ambalo haiwafanyii watu wa mwambao wa Tanganyika kila mwaka. Kilichotupeleka kulala ndani ya mto ni karatasi yake ya likizo ya siku tisa, na hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua hapa, kwa faida ya mwingine anayefikiria kuvuta tela kwenda milimani wakati wageni wote wameshaondoka.

Msimu wenyewe

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana vuli na masika, na katikati wanapumua. Sisi wa Kigoma na Tabora tuna mvua moja tu, ile ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huiita mvua za msimu. Huanza Novemba na kuishia Aprili, mwaka mwingine ikang'ang'ania mpaka Mei. Januari au Februari hukatika kwa siku kadhaa, na hapo ndipo wageni hudhani imekwisha.

Kigoma mjini hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Mahale, hifadhi ya sokwe tuliyokuwa tukiielekea, ni habari nyingine. Milima ile inasimama kama ukuta kutoka ziwani: maji yako mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462. Hewa iliyolowa ya ziwa ikigonga ukuta huo haina pa kwenda ila juu, na ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Ndiyo maana upande wa ziwani una msitu mzito na upande wa mashariki una miombo. Na baridi? Joto hupungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo aliyelala ufukweni kwa shuka moja, kileleni atakuta nyuzi 11 pungufu.

Kwa msafiri maana yake ni kwamba utabiri wa mkoa unaweza kuwa wa kweli kabisa usikusaidie. Unaambiwa mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo. Hauambiwi bonde lipi. Unaota jua bonde hili, lile la pili linazama, na maji yake yanakufuata baada ya saa tano.

Wenye kambi za kitalii wanalijua hilo, na baadhi yao hufunga kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei. Shemeji aliliona kama faida: hakuna watu, hakuna kelele, hifadhi yetu peke yetu. Alikuwa ametazama video nyingi za Wamarekani wanaolala kwenye matela milimani msimu wa watalii ukiwa umepita. Ni video nzuri, sikatai. Lakini huko barabara ikishindwa kuna mtu anayeifunga. Trail Ridge Road, katika hifadhi ya Rocky Mountain, inapanda hadi mita 3,713, na kila mwaka hufungwa kuanzia Oktoba hivi hadi mwishoni mwa Mei. Yellowstone nako, barabara nyingi hufungiwa magari mwanzoni mwa Novemba. Dereva anakuta lango limefungwa, anageuza, hana la kubishana. Barabara yetu ya Simbo, Ilagala hadi Kalya haina lango. Uamuzi wote uko kwa dereva, na dereva wetu alikuwa na tarehe ya kuripoti kazini.

Tela

Lilichomelewa Tabora na fundi hodari, kwa exeli ya gari la zamani: sanduku la chuma lenye fremu inayoinuka na turubai juu, vitanda viwili, kabati la vyombo, na pipa la maji la lita 100 lililofungwa nyuma kabisa ili bomba lake lifikike kirahisi. Baada ya kupakia vitu vyote lilikuwa na kama kilo 700. Lilivutwa na Land Cruiser mkonga, gari ambalo ningelipa sifa zaidi kama shemeji hangelisifia mwenyewe kila baada ya kilomita kumi.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalionekana siku ya kwanza.

La kwanza ni lile pipa. Tulipoipita Urambo kwenye lami, mwendo ukifika themanini, tela lilianza kucheza mkia. Ukikanyaga breki ghafla linazidi. Lilitulia tu shemeji alipoachia mafuta, gari likapunguza mwendo lenyewe. Kaliua tukasimama kwa jamaa wa binamu tuliyesafiri naye, mwenye mzani wa kupimia marobota ya tumbaku (Urambo na Kaliua mzani haukosekani), tukalifungua tela na kuweka juu ya mzani ile shingo inayoungana na gari. Kilo 28. Kwa tela la kilo 700 shingo inatakiwa ikandamize gari kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote, na zaidi kidogo si vibaya. Uzito ukiwa nyuma ya exeli, tela linageuka kuwa pendulamu: upepo au lori likipita linasukuma mkia, na mkia unavuta gari. Tulihamishia pipa na mfuko wa mchele mbele, tukapima tena tukapata 75. Kutoka hapo mpaka Kigoma halikuyumba. Kazi ya saa moja na nusu, na ndiyo saa bora tuliyoitumia safari nzima, ingawa shemeji alikuwa akitazama saa yake muda wote.

Kosa la pili halikuwa na dawa njiani. Magurudumu ya tela yalikaa ndani kuliko ya gari, kwa upana wa kiganja kila upande. Kwenye lami huoni. Kwenye tope, gari linachimba njia mbili na kushindilia udongo, halafu tela, badala ya kupita humohumo, linachimba njia mbili nyingine zake. Gari linavuta jembe. Atakayemwagiza fundi tela la kwenda porini apeleke na gari lenyewe, fundi apime tairi hadi tairi kabla ya kukata chuma.

Ilagala, saa nane mchana

Siku ya pili mvua ilinyesha Kigoma tangu alfajiri mpaka magharibi, hatukutoka. Kwenye hesabu ya shemeji hiyo ilikuwa siku iliyoibiwa, na siku iliyoibiwa lazima irudishwe. Siku ya tatu tuliondoka saa nne, na tulipovuka Malagarasi pale Ilagala ilikuwa saa nane mchana. Jua kali, barabara inafuka mvuke.

Wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli. Baada ya mwakeye, salamu ya Kiha, na habari za huko mtokako, mmoja akalitazama tela, akazunguka nyuma, akarudi.

"Mnafika wapi leo?"

"Buhingu, Mungu akijalia," shemeji akajibu.

"Jana imepiga sana huko mbele. Laleni hapa, baba. Kesho jua likitoka mpaka saa nne, njia inashika."

Shemeji alishukuru kwa heshima zote, akaingia garini, akahesabu kwa vidole: leo ya tatu, Buhingu leo, hifadhini kesho na keshokutwa, kurudi, Kigoma, Tabora. Vidole vilitosha bila kubaki hata kimoja. Nilimwona akihesabu na sikusema neno. Mimi ni mwenyeji wa Ujiji, najua mzee wa Ilagala anaijua barabara ile kuliko mimi ninavyojua jikoni kwangu, lakini gari si langu, tela si langu, na shemeji ni shemeji. Hapo ndipo kisa kilipoamuliwa. Mengine yote yalifuata.

Kupita Sigunga tulizama. Udongo mwekundu ulikuwa umeshika vizuri, kisha ikaja dimbwi la udongo mweusi wa mfinyanzi, gari likapita na tela likakaa mpaka tumboni. Tulivuta nalo likiwa limefungwa kwa dakika arobaini, na hilo nalo lilikuwa kosa. Kila jaribio lilizamisha na gari. Binamu ndiye aliyesema tufungue. Gari likapunguzwa upepo wa matairi mpaka ishirini, likapanda peke yake mpaka penye ukavu, ndipo tukalivuta tela kwa kamba ndefu, vijana wa kijiji wakisukuma na sisi tukitanguliza matawi. Ilichukua dakika kumi. Vijana tuliwapa walichostahili, na mmoja akatuuliza kwa upole kwa nini hatukupanda boti.

Giza liliingia tukiwa penye kijito kilichokauka, na pale pakavu palikuwa patambarare. Mwenye tela hupenda patambarare kuliko kitu chochote, kwa sababu tela likiinama hulali, na sisi tulikuwa tumechoka. Mama mmoja aliyekuwa anarudi na ndoo kichwani alisimama kutuangalia tukipanga mawe ya kuzuia magurudumu.

"Mto huu mvua yake hainyeshi hapa," akasema.

Tuliisikia kauli hiyo sote watano. Sote tukatazama juu tukaona nyota.

Usiku

Kuhusu maji sina mengi. Yalipanda kwa kasi ya kutosha kutuogopesha na si ya kutosha kutubeba. Dalili, kwa anayetaka kuzijua, zilikuja kwa mpangilio huu: kwanza sauti ya kokoto, kisha majani na vijiti vinavyoelea, kisha rangi kubadilika, halafu kina. Ukiona majani usisubiri rangi. Tuliunga tela gizani, mkono wa binamu ukabanwa ukachubuka, tukapanda kingo kwa gia ya chini. Saa tisa kasoro tulikuwa juu, na mchanga tuliolalia ulikuwa chini ya maji yanayofika magotini.

Ndipo mvua yetu wenyewe ikaja. Turubai lilikuwa limekunjwa vibaya katika haraka, godoro moja likalowa, watu wote wakalowa. Kijana alikuwa anatetemeka. Na mimi, ambaye mpaka hapa nimewalaumu wengine, nikachukua jiko la mkaa lililokuwa chini ya mwamvuli wa gari, nikasubiri moshi uishe, makaa yakawa mekundu na safi, nikaliingiza ndani ya tela. Nikafunga zipu ili mvua isiingie.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hutoa hewa ile mbaya, monoksidi ya kaboni, na haina harufu wala rangi. Moshi angalau unakufukuza. Hewa hii inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na unachohisi ni joto zuri, kichwa kizito, na usingizi ambao baada ya usiku kama ule unauona ni haki yako. Kijana alisema kichwa kinamuuma. Kisha akanyamaza. Dada alimwita mara mbili, akajibiwa kwa maneno yasiyoeleweka, na sijui alitambuaje, ila alifungua zipu kwa nguvu mpaka ikang'oka, akamburuta mwanawe nje kwenye mvua na kutupigia kelele tutoke. Nilipojaribu kusimama miguu haikunitii. Nje kijana alitapika, akaanza kulia kwa baridi, nami nilifurahi kukisikia kilio kile kuliko nilivyowahi kufurahia muziki.

Asubuhi tulimpeleka zahanati ya kijiji cha jirani. Alikuwa salama. Usiku uliobaki tulikaa ndani ya gari, watano kwenye viti, suruali zimelowa, radi zikipiga upande wa milima. Kwa radi gari lenye bati juu ni mahali pazuri. Tela la turubai silo. Tungehamia humo tangu mwanzo jiko lisingehitajika. Nguo kavu tano zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni zingefanya kazi yote ya mkaa ule. Tulikuwa na nguo za kutosha. Zilikuwa kwenye kabati la tela, zimelowa.

Tela linabaki

Siku ya nne asubuhi shemeji alisema maneno ambayo angeyasema Kigoma tungeokoa mengi: "Tuliache." Hifadhi ya Mahale haina barabara ndani. Ukifika, unatembea kwa miguu. Kwa hiyo hata kama kila kitu kingeenda kama vidole vilivyohesabu, tela lingeishia kwenye ua wa mtu kijijini na sisi tungepanda boti. Sote tulilijua jambo hili kabla ya kuondoka Tabora. Tulilivuta kwa sababu lilikuwepo, limelipiwa, limepakwa rangi.

Maoni yangu ni haya: kwa safari ya Mahale wakati wa mvua, tela linafaa mpaka mahali pa mwisho pakavu penye lami au udongo unaoshika, na hapo liwe nyumba ya kusubiria. Kigoma, kwa mfano. Unalala humo siku mbili au tatu ukitazama ziwa, na likitulia unaondoka na begi.

Tulipata mama mwenye ua mpana, mjane mwenye wajukuu na kuku wengi, akakubali tuliweke tela chini ya mwembe wake pamoja na gari. Hakutaka pesa ya maegesho. Alitaka pipa la maji, na tukampa. Siku ya tano saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa botini, sote na maboya ya kuvaa, kwa sababu nahodha alikataa katakata kuondoka mchana. Asubuhi ziwa limelala. Mchana dhoruba hushuka kutoka milimani bila hodi, na chini yako kuna ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470.

Hifadhini sote tuliulizwa kuhusu afya kabla ya lolote lingine. Kijana alikuwa anapiga chafya tangu Kigoma, na shemeji alikuwa ameambukizwa. Kulala watano ndani ya turubai lililofungwa kulifanya kazi yake. Mwenye mafua hapelekwi kwa sokwe. Magonjwa yetu ya kifua yanawaua, na sokwe wa Mahale wamezoea watu kwa sababu watafiti wa Kijapani, akiwemo Toshisada Nishida, wamekuwa nao tangu 1965, miaka 20 kabla ya hifadhi kutangazwa. Hata mzima huvaa barakoa na hupewa saa moja tu. Shemeji, aliyevuta kilo 700 kutoka Tabora kwa ajili ya saa hiyo, aliketi barazani na mwanawe wakinywa chai ya tangawizi.

Sisi watatu tulipanda kwa saa tatu, njia inateleza, tukawakuta wamekaa mvuani mabega yamekunjwa, hawana haraka yoyote. Dume mmoja alitutazama kidogo, akaendelea kusubiri.

Hesabu ya siku

Siku ya saba tulirudi kwenye ua wa yule mama. Siku ya nane mvua, siku ya tisa mvua. Siku ya kumi gari lilitoka peke yake likafika Kigoma jioni. Shemeji aliripoti kazini siku mbili baada ya tarehe aliyoikimbilia, na bosi wake, kwa maelezo yake mwenyewe, hakusema kitu.

Nimejaribu kuipanga upya safari ile na siku zilezile tisa. Ukitoa siku mbili na kuziita za mvua tangu mwanzo, kabla mvua haijazichukua, unabaki na saba: mbili za kutoka Tabora na kurudi, mbili za boti, mbili za hifadhini, moja ya chochote. Inatosha, bila tela. Ukiwa na tela haitoshi hata ukipewa kumi na moja, na ushahidi ni kwamba tulizitumia kumi na moja.

Tela tulilifuata mwezi wa Juni. Barabara ilikuwa na vumbi, tulifika kabla ya chakula cha mchana, shemeji akiwa na springi mpya na fundi wake kabisa. Mama alitupokea vizuri, akatukaribisha ugali na migebuka, akatuacha tumalize kula ndipo akatuambia. Kuku wake alikuwa amelalia mayai kumi na moja ndani ya tela, kwenye godoro lile lililolowa, na zilibaki siku mbili atotoe.

Shemeji alitazama tela. Akamtazama mama. Akaomba mkeka.